Jina Mgongoni mwa Jezi Namba Tano

Mimi ndiye mtu wa kwanza mjini hapa kujua nani ameachwa na timu. Si mwandishi wa habari, si kiongozi, wala sina kadi ya uanachama. Ni fundi cherehani. Nakaa barazani kwangu Olasiti na mashine ya kukanyaga kwa mguu, nashona sare za shule na magauni ya sendofu, na kila msimu nashona majina kwenye jezi za timu yetu. Timu yenyewe haina uwezo wa kununua jezi mpya kila mwaka, kwa hiyo jezi moja inavaliwa misimu miwili, mpaka mitatu. Mchezaji akiondoka, jezi inabaki. Mwisho wa msimu anakuja mtunza vifaa na kiroba na orodha, ananiambia hawa hapa, fumua majina. Nachukua wembe, nakata uzi mmoja mmoja, natoa herufi. Wakati huo mwenye jina yuko kwao anasubiri simu ya kuongezewa mkataba.

Nimeshafumua majina ya watu waliopita kunisalimia asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Nilikuwa najisifia huko kunyamaza kwangu, maana fundi mwenye mdomo hana wateja. Sasa naeleza jinsi nilivyoufungua mdomo, na kwa hilo simwombi radhi mtu yeyote isipokuwa mmoja.

Hatua kumi kutoka kwenye mashine yangu kuna kijiwe cha kahawa. Mwenye kahawa ni mzee wa Kondoa, mtu wa swala tano, aliyekaa Arusha tangu mji haujafika huku kwetu. Ana birika lake, jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na sinia la kashata. Yeye mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Maneno wanayo wateja wake. Kuna dereva mmoja wa boda ambaye sidhani kama alishawahi kumaliza hata mechi ya chandimu ya mtaani bila kuketi chini, na kuna katibu wa tawi la mashabiki, bwana mwenye duka la makava ya simu, ambaye shati lake la rangi za timu nimelishona mimi. Hao wawili wakianza, utadhani wao ndio kamati ya usajili.

Na kwa kweli ilikuwa karibu iwe hivyo. Katibu wa tawi huongea na mwenyekiti wa timu kila jioni kwa simu. Linalosemwa kijiweni asubuhi, jioni liko sikioni mwa mwenyekiti. Viongozi wetu wanawaogopa mashabiki kuliko wanavyomsikiliza kocha, hiyo mji mzima unajua. Mchezaji akichafuka kijiweni, na ofisini ameshachafuka.

Namba tano wa timu hiyo alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Tumezaliwa juu kule Olmotonyi, katikati ya migomba na kahawa, watoto saba, mimi wa pili na yeye wa saba. Mama alipofariki alikuwa darasa la tatu, nikamchukua nikaishi naye. Viatu vyake vya kwanza vya mpira vilipoachia soli nilivishona kwa uzi wa kufungia viroba. Alikua akawa beki wa kati. Si beki wa mbwembwe, wala hakuwa na mtindo wa nywele. Kazi yake ilikuwa kuondoa hatari na kurudi mahali pake. Misimu mitano timu moja, kadi nyekundu moja tu, na hiyo nayo alionewa. Nasema hivyo mimi dada yake na nitasema mpaka nife.

Msimu ninaousimulia timu ilipata nafasi ya kucheza mchujo wa kupanda ligi kuu. Mechi mbili, moja nyumbani na moja ugenini, atakayeshinda anapanda. Mji ukawa hauna habari nyingine. Na mkataba wa mdogo wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi wa sita, wiki chache tu baada ya mchujo. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alichokuwa anataka ni mkataba wa miaka miwili, basi. Miaka miwili amalizie nyumba yake ya Terrat, iliyokuwa imefika kwenye linta, bado paa, na asome kozi ya ukocha. Baada ya hapo mpira umwache naye auache. Alipomfuata mwenyekiti, mwenyekiti akamwambia kwa ulimi mtamu kwamba acheze mchujo kwanza, mambo ya mkataba watakaa mezani baadaye.

Basi na kijiweni nako wakamweka mezani. Boda akasema beki wa miaka thelathini na moja hapewi miaka miwili, anapewa miezi sita ya kumwangalia, kama mtu anavyolijaribu gari la mtumba. Katibu akasema thamani ya mchezaji inaonekana kwenye mchujo. Mechi za ligi kila mtu anacheza, ila kwenye mchujo ndipo unapojua nani mchezaji na nani galasa. Akaongeza kwamba yeye akiulizwa na mwenyekiti, atasema asimpe mtu kalamu mpaka filimbi ya mwisho ilie.

Mimi nikatoa mguu kwenye pedali. Nikawauliza, hizo mechi zote za ligi zilizowafikisha kwenye huo mchujo, mdogo wangu alikuwa anacheza bao? Kama mtu hapimwi kwa msimu mzima, mnampimaje kwa mechi mbili? Mkiumwa tumbo siku moja mnafukuzwa kazi? Boda akacheka, akasema dada fundi wewe una maslahi. Nikamjibu kwamba ndiyo ninayo, tena makubwa, na yeye ana nini hapo zaidi ya mdomo na kashata. Mzee wa kahawa alicheka mpaka akamwagia kahawa nje ya kikombe.

Jamani, mimi nimekulia kwenye mnada wa usharikani. Baada ya ibada, mkungu wa ndizi wa sadaka unanadiwa nje ya kanisa. Anatokea mtu ananunua kwa bei ya mikungu mitatu, halafu anaurudisha unadiwe tena. Jumapili inayofuata mkungu mzuri kuliko ule unakosa mtu, kwa sababu mvua imeshuka kutoka mlimani na kila mtu anawahi kwake. Ndizi ni zile zile na shamba ni lile lile. Kwa hiyo mtu asije akanihutubia habari za thamani kana kwamba imechapwa kwenye paji la uso la mchezaji.

Siku kumi kabla ya mechi ya kwanza, mdogo wangu alikuja mchana akapitia uani. Nikajua kuna jambo, maana kawaida yake ni kupita kijiweni amsalimie mzee shikamoo, ndipo aje kwangu. Akakaa kwenye ndoo, akakunja suruali. Goti la kulia lilikuwa limeumuka kama andazi. Alisema liligeuka mazoezini, na kwamba ndani kuna kitu kimelegea, akikata kona ghafla linaachia. Aliyekuwa anajua ni mchua misuli wa timu peke yake. Huyo angemchoma sindano ya ganzi kila mechi na kunyamaza. Mdogo wangu alitaka nimshonee mkanda wa lastiki pana, mwepesi kiasi cha kutoonekana chini ya taiti.

Nikamwambia apumzike, aende hospitali. Akanitazama kama mtu aliyechoka. Akaniuliza kama sikusikia, mkataba unaongelewa baada ya mchujo. Asipocheza, hakuna meza wala kalamu. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Nikachukua vipimo vya goti la mdogo wangu kwa futi ileile ninayopimia viuno vya maharusi, nikamshonea mkanda kwa mishono miwili miwili, na nilipokuwa nashona nililia kwa hasira.

Mechi ya nyumbani iliisha bila bao. Nilikuwepo uwanjani, jukwaa la jua, na mtu asiyejua asingeona chochote. Mimi niliona. Niliona jinsi alivyokuwa anageukia kushoto kila wakati, hata pale ambapo kulia ndiko kulikuwa karibu.

Mechi ya ugenini tuliisikiliza kwenye redio ya mzee, alasiri, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi ya baraza langu. Nilikuwa nimeweka kitambaa chini ya sindano na sikushona hata inchi moja. Zikiwa zimebaki dakika chache, bado hakuna bao, mtangazaji akasema straika wao amemtoka namba tano, namba tano amemvuta, wako ndani ya kumi na nane. Penalti. Wale watu wote wakashika vichwa. Mimi nilishika goti langu mwenyewe bila kujua. Wakafunga, mpira ukaisha, tukabaki daraja letu lilelile.

Kesho yake asubuhi shauri lilikuwa limeshaamuliwa. Kauza mechi. Hivyo tu, kama watu wanaosema mvua itanyesha. Katibu alisema beki wa uzoefu ule hawezi kumvuta mtu kitoto namna ile kama hakuna kitu nyuma yake. Boda akasema yeye alishangaa tangu mechi ya kwanza, jamaa alikuwa anakabia macho. Niliuma meno. Nilikuwa nimeapa. Nikakanyaga ile mashine mpaka mkanda wake ukapata moto.

Siku ya pili mdogo wangu akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuitegemea. Mwenyekiti alikuwa amempigia na kumwambia asijali kelele, maneno ya kuuza mechi husemwa kila mwaka na kila mwaka hupita, aende ofisini wiki ijayo wakae mezani. Timu haikuwa na beki mwingine wa kuongoza wenzake. Mdogo wangu akanicheka kidogo, akasema, dada, piga kimya tu, tumeshavuka.

Piga kimya tu. Ndivyo alivyosema, nakumbuka neno kwa neno.

Siku ya tatu boda akaanza habari za nyumba ya Terrat. Akauliza mbele za watu, beki wa timu ya daraja letu anafikaje kwenye linta? Akasema sasa tunajua matofali yametoka wapi. Watu wakaguna kukubali. Nyumba ile! Kiwanja kile mdogo wangu alikinunua misimu mitatu nyuma, na mchanga tuliubeba mimi na yeye na ndugu zetu wawili. Niliinuka nikatembea zile hatua kumi na mkasi mkononi. Sikuwa na nia mbaya na mkasi, niliusahau tu, lakini boda alirudi nyuma.

Nikasema, "Hakuuza mechi. Goti lake lilikuwa limelegea ndani, alichomwa ganzi mechi zote mbili, na mkanda aliovaa nilimshonea mimi kwa mashine ile pale."

Boda akaniambia pole, dada. Mzee wa kahawa akashusha macho. Katibu wa tawi akaweka kikombe chake chini kikiwa nusu, akasema ana mteja dukani, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye mashine yangu kifua mbele. Nilishona sare tatu mchana ule bila kupumzika, na moyoni nilijiona nimeshinda kesi.

Baada ya siku sita mtunza vifaa akaja na kiroba na orodha. Majina ya kufumuliwa yalikuwa matano. La mdogo wangu lilikuwa la nne.

Mtunza vifaa, kijana wa watu, alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamuuliza mwenyewe ameshaambiwa? Akasema hajui, yeye ametumwa tu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwamba ofisini wanasema goti limekwisha, timu haiwezi kumpa mkataba mgonjwa. Wamepataje habari za goti? Hilo sikuhitaji jibu lake. Nilikikumbuka kile kikombe nusu cha katibu.

Nilifunga baraza, nikapanda Olmotonyi siku hiyo hiyo. Mdogo wangu alikuwa shambani kwa baba, amekaa kwenye kigoda anapogolea kahawa, matawi yale tu anayoyafikia bila kusimama. Nikamweleza yote mawili, la jezi na la mdomo wangu, bila kujitetea. Aliendelea kukata tawi moja mpaka likaisha. Halafu akasema, wala hakupandisha sauti.

"Ungeniacha niitwe mwizi, dada. Mwizi anasajiliwa. Mtu wa goti bovu, nani atamsajili?"

Na ni kweli. Katika mpira wetu mtu anayesemwa ameuza mechi hupata timu nyingine kabla dirisha la usajili halijafungwa. Mwenye goti hapati. Nilikuwa nimemsafisha jina na kumnyang'anya kazi kwa sentensi moja. Aliniambia nishuke kabla mvua haijanikuta njiani. Hakunisindikiza, na goti halikuwa sababu pekee.

Sasa hapa ndipo watu husema kwamba ningetulia. Shangazi yangu aliniambia nimeshaharibu kiasi cha kutosha, niwaachie wanaume na mpira wao. Sikutulia. Kama mdomo wangu umefanya kazi ya mwenyekiti bure, basi mwenyekiti naye atafanya kazi yake.

Mdogo wangu alikuwa ameacha mkataba wake kwangu, kwenye sanduku la vitambaa, tangu alipousaini. Kurasa sita, kwa Kiswahili kizuri tu. Yeye alikuwa amesoma ukurasa wa mwisho, pale pa kutia sahihi, kama wachezaji wote. Mimi niliusoma wote, nikitafuta kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Kipengele cha tisa kilisema mchezaji akiumia mazoezini au kwenye mechi akiwa ndani ya mkataba, klabu itamtibu mpaka apone, hata kama mkataba utaisha akiwa bado anatibiwa. Nilikisoma mara nne. Mwezi wa sita ulikuwa haujaisha. Na kwenye kabati langu kulikuwa na jezi zote za timu, si tano tu, zote, kwa sababu mtunza vifaa alikuwa ameleta na za wengine nizirekebishe mishono. Wiki hiyo timu ilikuwa inapiga picha na mdhamini mpya.

Nikamtumia mwenyekiti ujumbe kwamba jezi ziko tayari ila zinahitaji kuchukuliwa na yeye mwenyewe.

Alikuja na gari lake, amekunja uso, hakusalimia kijiwe. Akasimama mbele ya mashine yangu akaniambia nimpe mzigo ana haraka. Nikamwambia mzigo upo, mazungumzo ndiyo hayapo. Kabla hajajibu, mzee wa kahawa alikuwa ameshafika pembeni yake na kikombe kimejaa mpaka ukingoni, amekinyoosha kwa mikono miwili, akimkaribisha. Mtu mzima akikupa kahawa hivyo, unaipokea. Na kikombe kile kisicho na mkono, kikiwa cha moto, hutembei nacho wala hukigidi. Unakaa kwenye benchi unakizungusha vidoleni na kupuliza. Mwenyekiti akakaa, katikati ya boda na katibu wa tawi.

Sikuusoma mkataba mimi. Nilimpa katibu. Nikamwambia yeye ni mtu wa mikataba, kila siku anatufundisha hapa, basi atusomee kipengele cha tisa kwa sauti. Alisita. Akamtazama mwenyekiti, akaitazama karatasi, na tamaa ya kushika mkataba halisi wa mchezaji kwa mikono yake ikamshinda. Akasoma. Akarudia lile neno, hata kama. Boda akamwambia asome tena taratibu.

Na hapo ndipo nilipoona maajabu. Watu walewale waliomfunga mdogo wangu bila ushahidi, walipopata karatasi wakageuka mawakili. Mmoja akasema kipengele kiko wazi. Mwingine akasema mazoezini ni mahali pa kazi, hata kiwandani iko hivyo. Boda, ndiyo, boda huyo huyo, akasema klabu ikimtelekeza beki aliyevunjikia kwake, mchezaji gani mwenye akili atakuja kusaini Arusha? Walikuwa wanabishana kwa raha ileile, kwa mikono ileile hewani, sema safari hii goti la mdogo wangu lilikuwa upande wao.

Mwenyekiti akasema mchezaji aliwadanganya, alificha maumivu. Hilo nilikuwa nalisubiri.

Nikamwambia, "Alificha kwa sababu wewe ulimwambia mkataba ni baada ya mchujo. Uliweka kalamu upande wa pili wa uwanja, ukamwambia aifuate. Ameifuata kwa goti moja. Sasa mtibu."

Alipuliza kahawa yake. Hakuna aliyemwokoa. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba jezi za timu ziko kabatini, zimepigwa pasi, ufunguo uko shingoni kwangu, na kama anataka kuwaita polisi awapigie tu, tutawasomea na wao kipengele cha tisa. Mzee wa kahawa akamuuliza kwa upole kama amwongeze kikombe cha pili.

Aliandika pale pale, juu ya goti lake zima, kwamba klabu itampeleka mchezaji hospitali kubwa ya Moshi akapasuliwe na kutibiwa mpaka apone. Akatia sahihi. Katibu wa tawi akasaini kama shahidi, kajivuna utadhani yeye ndiye aliyeushinda mchujo. Nikafungua kabati. Nikampa jezi zote isipokuwa moja. Akaiulizia. Nikamwambia hiyo ina mwenyewe.

Alipasuliwa mwezi wa saba. Mkataba mpya hakupata, na hakuna timu nyingine iliyopiga simu. Siwezi kujidanganya kwamba nilimrudishia nilichomharibia. Nyumba ya Terrat bado iko kwenye linta, imeota majani.

Alikuja kwangu na magongo, karibu na kuanza kwa msimu. Akapitia barazani safari hii, akamsalimia mzee shikamoo, kijiwe kizima kikasimama. Boda akampa mkono. Mdogo wangu akaupokea. Akaja akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza jezi iko wapi. Nikaitoa. Nilidhani anaitaka akaitundike ukutani, na nilikuwa tayari kugombana na dunia nzima abaki nayo. Yeye akanyoosha mkono kuomba wembe.

Alifumua mwenyewe. Herufi sita, uzi mmoja mmoja, polepole, maana hajazoea, na mara mbili alijikata kidole. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa kiwiko. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu. Nililisema waziwazi, na wale wa kijiweni walisikia, shauri yao. Alipomaliza alikusanya zile herufi akazitia mfukoni, akaikunja jezi, akanipa.

"Wapelekee," akasema. "Hakuna atakayenivua."

Beki mpya wa namba tano ana jina fupi, herufi nne. Nililishona palepale. Jezi ile ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni ya misimu miwili, lakini chini ya herufi za zamani kitambaa kilibaki na rangi yake ya dukani, bluu nzito, na matundu ya sindano yangu. Kwa hiyo jina jipya likakaa katikati, na pembeni, kila upande, ikabaki herufi moja ya jina la mdogo wangu, inasomeka kama kivuli. Mtunza vifaa aliniuliza kama siwezi kupaziba. Nikamwambia haiwezekani.

Mechi ya kwanza ya msimu tulikaa jukwaa la jua, mimi na yeye, magongo yake miguuni. Kila beki yule alipogeuka kurudi golini, zile herufi mbili zilionekana. Aliziona, najua aliziona, macho yake hayakuwa kwenye mpira. Kipindi cha pili kikaanza, kikafika katikati, ndipo akaniuliza, bila kunigeukia, kama kweli ile rangi haikuwa na namna ya kuzibwa.

Nikamwambia namna ilikuwepo, tena rahisi, kipande cha kitambaa tu.

Akatazama uwanjani kidogo. "Afadhali hukuziba," akasema, akasogea kwenye benchi nipate kivuli cha kofia yake.